Kikombe Kimoja, Mizunguko Mia

Benchi letu lina miguu mitatu na tofali, na hilo tofali lina akili kuliko wote wanaokaa juu yake. Benchi limeegemea ukuta wa kibanda cha fundi viatu, pale kwenye kona lami inapoishia na vumbi linapoanza, na mimi nakaa mbele yake na jiko langu la mkaa. Wananiita Mama Birika. Nimeuza kahawa hapo muda mrefu kiasi kwamba namjua kila mtu kwa anavyopuliza kikombe. Breki, aliyeendesha lori miaka thelathini na sasa hana hata baiskeli, anapuliza utadhani anawasha moto. Kiraka, mwenye kibanda, hapulizi kabisa. Anaunguza ulimi, kisha anailaumu kahawa. Profesa Nusu alikuwa karani wa maktaba, na siku hizi anasoma magazeti yaliyofungiwa bidhaa dukani, kwa hiyo anajua nusu ya kwanza ya kila jambo duniani. Waya, fundi umeme, hukaa karibu na mwisho wa benchi, lakini si mwisho kabisa. Mwisho kabisa palikuwa pa kaka yake, Nyuzi, mpiga gitaa wa bendi ya harusi, aliyetutoka mwaka juzi. Hakuna aliyekataza mtu kukaa hapo. Hatukai tu.

Jumatatu asubuhi Waya alifika na begi refu jeusi mgongoni, akalilaza juu ya benchi, pale pale pasipokaliwa.

Breki: Umefukuzwa nyumbani, au unahama kwa hiari yako?

Waya: Ni gitaa la kaka.

Hakuna aliyepuliza kikombe. Hata mimi niliacha kupepea jiko.

Waya: Jumamosi kuna harusi kubwa ukumbini. Bendi wamemwita binti yake Nyuzi akakalie kiti cha baba yake. Ndiyo mara yake ya kwanza.

Kiraka: Yule mshona mapazia?

Waya: Huyo huyo. Mchana anashona mapazia, jioni anakaa pembeni mwa kitanda na gitaa la baba yake, mpaka mke wangu amezikariri nyimbo zote. Nakuapia, ukifumba macho unadhani kaka amerudi.

Profesa Nusu: Sasa shida iko wapi?

Waya: Shida hii hapa.

Akafungua zipu. Gitaa la umeme, jekundu la rangi ya matofali, umbo lake zuri tu, ila halikuwa na mng'ao. Lilipakwa ile vanishi ya kufifia, inayoupokea mwanga na kukaa nao kimya bila kuurudisha.

Waya: Kiongozi wa bendi aliliangalia akasema limechoka. Wenzake wote vyombo vyao vinang'aa, tarumbeta lao unaweza kujitazamia ukinyoa ndevu. Halafu mwanangu akae katikati yao ameshika kitu kama mlango wa stoo? Nimemdanganya kwamba nalipeleka likaangaliwe tundu la waya. Ijumaa jioni anakuja kulichukua hapa hapa. Nataka alikute linang'aa kama kioo. Kaka aliniachia mtoto mmoja tu, jamani. Asiaibike mbele za watu. Sitaki kingine.

Kiraka alikuwa ameshaingia kibandani na kutoka na brashi.

Kiraka: Kiatu kilichokataa kung'aa mbele yangu sijakiona. Leta hapa.

Waya: Ukiligusa na hiyo brashi nakukatia umeme.

Kiraka: Kibanda changu hakina umeme.

Waya: Nitauleta, halafu niukate.

Basi kikao kikafunguliwa. Swali la kwanza lilikuwa kwa nini mtu mwenye akili zake atengeneze gitaa halafu alinyime mng'ao.

Breki: Hilo ni la kusafirishia. Wanaliacha hivyo ili wezi wasilione njiani. Hata lori langu sikuliosha miaka sita, na halikuibwa hata siku moja.

Kiraka: Halikuibwa kwa sababu halikuwaka.

Profesa Nusu: Nilisoma kwamba rangi ya kufifia ina punje ndogo ndogo ndani yake. Mwanga ukifika unagonga zile punje, unatawanyika kila upande. Ukizisawazisha zile punje kwa kusugua, basi mwanga...

Waya: Basi mwanga unafanyaje?

Profesa Nusu: Gazeti lilichanikia hapo. Nusu ya pili ilifungiwa misumari.

Kiraka ndiye aliyeliona. Alikuwa ameinama karibu, pua inakaribia kugusa rangi, kama anavyokagua soli.

Kiraka: Mbona hapa panang'aa tayari?

Tukasogea wote. Kweli. Huku juu ya uso wake, kuelekea makalioni, palikuwa na sehemu ya ukubwa wa kiganja iliyong'aa vizuri kabisa, laini kama kijiko cha zamani. Rangi yake pale ilikuwa imekolea, nyekundu ya komamanga. Ukipapasa, kidole kinateleza.

Breki: Jua hilo! Huenda lilikaa dirishani. Oneni mkono wangu huu wa kulia. Miaka thelathini umekaa nje ya dirisha la lori, mpaka leo haufanani na mwenzake. Hata ile kingo ya mlango nilipokuwa naegemeza kiwiko ililainika yenyewe. Jua lina nguvu!

Kiraka: Jua gani linalopiga mahali padogo namna hii? Hiyo ni kiwandani. Fundi alianza kung'arisha hapa, akaitwa chakula, aliporudi akasahau alikuwa kwenye gitaa lipi. Mimi mwenyewe nimewahi kumrudishia mteja kiatu kimoja kimepakwa rangi na kingine bado.

Profesa Nusu: Nyie mnatazama nje, wakati jambo liko ndani. Sauti ikitoka kwenye nyuzi inazunguka tumboni mwa gitaa, inatafuta pa kutokea. Ikikosa, inasugua ukuta. Hapo ndipo sauti imekuwa ikisugua kutokea ndani.

Waya: Hili la umeme, halina tumbo. Ni ubao mtupu.

Profesa Nusu: Ndiyo maana imesugua sana.

Waya: Mimi nadhani ni yule paka wa shemeji yangu. Nililiweka juu ya kabati miezi minne kabla binti hajaliomba, na paka anapenda kulala huko. Paka ana manyoya laini, ana joto, anajigeuza geuza. Ni paka tu.

Nami nikatia neno langu, maana kahawa yangu inanipa haki ya kusema.

Mimi: Au ni jasho.

Kiraka: Mama Birika, jasho linachafua, lini likang'arisha? Ingekuwa hivyo, shingo ya Breki tungejitazamia kama kioo.

Wakacheka, nikacheka nao, nikamimina. Ndivyo nilivyoliacha neno langu lipite. Leo natamani ningelishikilia hata kidogo.

Waya: Lakini mnaona maana yake? Kama hapa panaweza kung'aa, pote panaweza. Hapa pawe kipimo chetu. Tunasugua mpaka pote pafanane na hapa.

Wote wakakubaliana. Katika miaka yote ya benchi lile, hiyo ndiyo mara ya kwanza niliyowasikia wakikubaliana.

Mchana Waya alikwenda kwa fundi rangi wa magari, karakana ya pili kutoka hapo, akarudi na msasa wa maji ulio laini kuliko karatasi, na kopo la rabingi, ile dawa nzito nyeupe wanayosugulia rangi ya gari. Akarudi pia na onyo: msifanye haraka, msikaze kwenye kingo, na mkikuta mbao msirudi kwangu kulia. Waya alizifungua nyuzi zote sita akazizungusha vizuri ndani ya bahasha, akafunika vile visanduku vya sumaku vinavyonasa sauti kwa karatasi ya gundi. Kisha akalilaza gitaa kwenye mapaja yake, akadondosha maji ya sabuni, akaanza. Kwanza likawa baya zaidi, rangi ikapauka kabisa, na Breki akatangaza kwamba tumeliua.

Waya: Subiri. Msasa ndio unasawazisha. Mng'ao unaletwa na rabingi.

Ilipofika zamu ya rabingi, mikono ya Waya ilikuwa imechoka, na wenzake wote walikuwa wamekumbuka kwamba wana migongo mibovu. Nikaona hapa bila sheria hakuna kazi.

Mimi: Sikilizeni. Kuanzia leo, kikombe kimoja, mizunguko mia. Asiyesugua hanywi.

Breki: Huo ni udikteta!

Mimi: Na birika ni langu.

Basi Jumanne, Jumatano na Alhamisi watu wazima walikaa kwenye benchi wakisugua gitaa kwa fulana kuukuu ya Waya, kila mmoja akihesabu kwa sauti. Kiraka alihesabu kama mtu anayepiga msumari. Profesa Nusu alifika hamsini akadai amemaliza, maana yeye ni wa nusu, nikammiminia nusu kikombe. Breki ndiye aliyenitoa jasho.

Breki: Themanini na saba, themanini na nane, mia.

Mimi: Rudi.

Breki: Nimekata njia ya mkato. Madereva tunazijua.

Jumatano nilimkamata na dawa ya meno. Alikuwa ameshapaka mgongoni mwa gitaa.

Waya: Breki! Unafanya nini?

Breki: Inang'arisha meno. Meno ni magumu kuliko rangi. Piga hesabu mwenyewe.

Kiraka: Sasa ukumbi mzima utanukia mswaki.

Breki: Na bwana harusi atashukuru.

Waya aliifuta, akasugua tena mwanzo, na Breki alitozwa mizunguko mia mbili. Aliimaliza kweli, bila njia ya mkato, maana nilihesabu naye. Mimi mwenyewe nilichukua fulana kila kahawa ilipokuwa inachemka. Kusugua kule kunapendeza, sitaficha. Unazungusha, unazungusha, huoni kitu, halafu unafuta ile dawa na ghafla unaona tawi la mti limejiandika kwenye rangi, au uso wako umekuja kukutazama.

Kadiri gitaa lilivyong'aa ndivyo vichwa vilivyozidi kupata moto.

Breki: Kitu kinachong'aa kinapita kwenye hewa kirahisi. Gari lililopigwa rangi nzuri linakula mafuta kidogo. Kwa hiyo hili litapiga haraka zaidi. Wimbo wa dakika tano utaisha kwa tatu.

Waya: Wimbo ukiisha mapema wacheza ngoma watafanya nini?

Breki: Watakaa. Si wanachokaga?

Kiraka: Mimi naogopa litaanza kulia lenyewe. Kiatu ukiking'arisha sana kinalia kila hatua.

Profesa Nusu: Kuna jambo kubwa kuliko hayo. Taa za ukumbi zitagonga gitaa, zitarudi machoni mwa watu. Jicho likijaa mwanga, sikio linapungua. Binti akikosea hata mara kumi, hakuna atakayesikia. Nilisoma.

Waya: Mpaka wapi?

Profesa Nusu: Mpaka pale sikio linapopungua.

Waya: Mwanangu hakosei.

Alisema kwa ukali kidogo. Kisha akachukua fulana, akaendelea, na baada ya mizunguko kumi hivi akasema tena, kwa sauti ya chini, kwamba kaka yake naye alikuwa hakosei.

Kiraka: Unajua mimi sijawahi kumwona Nyuzi akipiga? Kumwona hasa, kwa karibu. Harusi zote alizopiga nilikuwepo.

Breki: Ulikuwa unatazama wapi?

Kiraka: Ulipokuwa unatazama wewe. Kwenye sahani.

Tulicheka mpaka kikombe cha Profesa kikamwagika.

Ijumaa alasiri Waya alifuta dawa ya mwisho. Akalisimamisha gitaa kwenye jua. Lilikuwa jekundu la komamanga kutoka kichwani mpaka makalioni, na ndani yake mlikuwa na kona yetu nzima: benchi, tofali, birika, na nyuso tano zimevimba kwa furaha.

Waya: Kipimo, jamani. Pamefanana?

Kiraka akakagua, pua karibu. Akageuza kushoto, akageuza kulia.

Kiraka: Pale palikuwa wapi?

Breki: Hapa. Hapana, hapa.

Profesa Nusu alifumba macho, akapapasa kwa ncha ya kidole kama msomaji mahiri, akapapasa tena.

Profesa Nusu: Sipaoni. Limekuwa kitu kimoja!

Wakapiga makofi. Breki alimkumbatia Kiraka, watu ambao tangu mwaka jana hawakubaliani hata juu ya siku ya leo ni ipi. Waya alizirudisha nyuzi zote sita, na machozi yalikuwa karibu, akasingizia moshi wa jiko langu. Nami, kwa mara ya kwanza wiki ile, nilimimina vikombe bila kudai mizunguko. Nilimimina mpaka nikasahau kujimiminia mimi mwenyewe.

Binti alifika jua likiwa bado lipo, uzi mweupe wa mapazia umemnasa begani.

Binti: Shikamooni.

Wote: Marahaba!

Binti: Baba mdogo, tundu la waya limepona?

Waya: Limepona. Na mengine yamepona pia. Njoo uone.

Alipoliona alifunika mdomo kwa viganja vyote viwili. Alijitazama kwenye rangi, akacheka, akamtazama baba yake mdogo, akacheka tena.

Binti: Ni lile lile?

Breki: Lile lile! Kwa mkono mtupu, mwanangu. Siku nne. Mimi peke yangu nina mizunguko elfu moja.

Mimi: Mia sita.

Binti: Ahsanteni, wazee wangu. Ahsanteni sana. Sijui niseme nini.

Waya: Usiseme. Kaa upige.

Akakaa. Alikaa mwisho wa benchi, pale pale, bila kuuliza, na hakuna aliyeshtuka, tuliona ni sawa kabisa. Akalipakata gitaa, akaushusha mkono wa kulia juu yake. Mkono ukateleza. Akauinua, akaushusha tena mbele kidogo. Akaurudisha nyuma. Akapiga nyuzi mara moja, akakosa, akasimama. Akaligeuza gitaa kwenye mwanga, akaliinamisha hivi na hivi, na kile kicheko kikawa kinaondoka usoni mwake polepole.

Binti: Baba mdogo, na pale pa baba?

Waya: Pale pa baba wapi?

Binti: Pale palipokuwa panang'aa. Alipokuwa anaegemeza mkono. Alipasugua kwa mkono wake tangu sijazaliwa, kila harusi, mpaka pakang'aa. Mimi ndipo ninapoweka wangu. Nikiuweka pale, vidole vinashuka vyenyewe kwenye nyuzi.

Nilitazama chini. Jasho, nilisema Jumatatu. Nilisema, nikacheka, nikamimina. Breki alikuwa ameushika mkono wake ule wa dirishani, kwenye kiwiko, na alikuwa anautazama kama hajawahi kuuona. Waya alikuwa bado na ile fulana mkononi, na alianza kuikunja, mara mbili, mara nne, mpaka ikawa ndogo kabisa.

Waya: Mwanangu, sisi tulitaka tu usiaibike.

Binti: Najua, baba mdogo. Ni zuri. Kweli ni zuri.

Alisema kwa upole, na upole wake ndio ulioniuma.

Breki ndiye aliyeruka.

Breki: Subirini! Msasa si upo? Tunalififisha tena pote, lirudi lilivyokuwa, tunabakiza pale tu! Usiku mmoja, mimi nasugua mwenyewe, bila kahawa!

Kiraka: Breki, hapo umesema!

Profesa Nusu: Inawezekana! Inawezekana kabisa!

Binti akainua uso. Alitaka iwezekane, ulikuwa unaliona tumaini lenyewe machoni. Akalilaza gitaa mapajani, akalifuta kwa kiganja.

Binti: Sawa. Ni wapi?

Vidole vinne vikanyooshwa. Cha Breki kikashuka huku, cha Kiraka kikashuka kule, kati yao ungeweza kuweka kikombe na kisahani chake. Cha Profesa Nusu kilifika nusu ya njia kikabaki hewani. Cha Waya kiligusa rangi, kikasogea, kikasogea tena, kisha akakiondoa. Juu ya gitaa tulijiona wote, wazi kabisa, kila mmoja na kidole chake.

Binti alitusubiri. Alitusubiri kwa heshima, kama mtu anayengoja wakubwa wamalize kushauriana.

Breki, kwa mazoea tu, akanyoosha kikombe kwangu. Nikainamisha birika mpaka mwisho.

Mimi: Kahawa imekwisha.

Na siku hiyo hakuna aliyebisha.